Muda wa Kukataa

Bi Mwamvita alimpa mwanawe radhi asubuhi, ukumbini, mbele ya sahani ya mihogo ya kuchemsha, na mwanawe hakuamini hata neno moja.

"Nimekuwia radhi, mwanangu mpendwa," alisema kwa sauti yake ileile ya zamani, yenye mkwaruzo. "Radhi kamili, ya dunia na akhera."

Mrisho aliibusu mikono ya mama yake, akashukuru, akatoka uani. Dada yake Kalunde alimkuta huko amesimama kando ya tangi la maji, anaukuna upara wake kama mtu aliyesahau alichokijia.

"Alhamdulillahi, kaka," Kalunde alimwambia. "Umesikia mwenyewe. Sasa nenda Hija yako na moyo mweupe."

"Mwanangu mpendwa!" Mrisho aligeuka. "Kalunde, tangu tuzaliwe, mama amewahi kumwita nani mpendwa? Mimi ananiita jitu. Wewe ulikuwa kisiki. Baba, Mungu amrehemu, alikuwa 'yule'. Yule amerudi? Yule amekula?"

Kalunde alicheka bila kutaka.

"Cheka. Yale ni maneno ya kadi ya harusi. Lililosema pale ni lile dude lako."

Dude lenyewe liliitwa Msemaji. Lilikuwa dogo kama kunde, limenata nyuma ya sikio la Bi Mwamvita tangu kiharusi kilipomnyang'anya maneno. Neno lilipoanza kujiumba kichwani mwake na kukwama njiani, Msemaji ililidaka, ikalimalizia na kulipeleka kooni. Wagonjwa wa kiharusi wa mji mzima wa Tabora sasa walikuwa wanabishana sokoni na kugombeza wajukuu wao kwa msaada wake, na Kalunde alikuwa mmoja wa waliokiandika kiini chake, yaani ile sehemu ya ndani kabisa ya programu inayoziendesha sehemu nyingine zote.

"Msemaji haisemi lisilotakiwa," alijitetea. "Inakisia neno, inamwonyesha mama ndani kwa ndani, kisha inasubiri. Akilikataa, inalitupa na kutafuta jingine."

"Na asipolikataa?"

"Muda wake ukiisha, inalitamka."

"Kwa hiyo akinyamaza amekubali."

Kalunde aliikumbuka siku ile walipokuwa wanalijadili jambo hilo kazini. Wazee waliojaribiwa walikuwa wanachoka kusema ndiyo kwa kila neno, na mmoja wa mafundi mezani akatania: mwali akiulizwa na walii wake kuhusu posa, akainamisha uso asiseme kitu, si watu wanapiga vigelegele? Walicheka wote, Kalunde akiwamo. Kisha wakaandika hivyo, na ikabaki hivyo.

Mrisho aliketi kwenye ukingo wa tangi. Alikuwa mtu mzima wa mvi, lakini alipoketi vile alionekana kama mtoto aliyerudishwa shule. "Unajua ninachokiombea radhi," alisema.

Kalunde alijua. Mrisho aligombana na baba yao akaapa kwamba hatakanyaga nyumba ile wakati mzee yu hai. Kiapo alikitimiza, na mzee alipofariki akaendelea nacho, hadi safari hii ya Hija ilipomrudisha. Siku ya maziko Bi Mwamvita alibaki nyumbani na wanawake wenzake, na wanaume waliporudi kutoka makaburini aliuliza jambo moja tu: nani ameshuka kaburini kumpokea? Akaambiwa ni muuza mkaa wa jirani na fundi baiskeli. Aliitikia kwa kichwa, wala hakulitaja tena.

"Kesho napanda treni na wenzangu kwenda kukutana na ndege," Mrisho alisema. "Nikisimama mbele ya Kaaba na radhi ya mashine, nitamwambia nini Mola wangu? Kalunde, si wewe uliyetengeneza yale masikio ya kuichungulia mashine? Tega moja humo ndani. Nataka kujua nani amesema."

*

Msemaji haizimwi ovyo. Kukizima kiini chake ni kumziba mtu mdomo, na zaidi ya hapo, ubovu mwingi hujificha kinapowashwa upya, kama jino linaloacha kuuma mtu akifika kwa daktari. Ndiyo maana Kalunde alikuwa ametumia miaka yake mizuri kutafuta namna ya kukichungulia kiini huku kikiendelea kufanya kazi.

Njia aliyoipata ilikuwa hii. Kwenye mlango wa kila kazi ya kiini aliacha pengo dogo, amri moja isiyofanya chochote. Siku za kawaida kiini hulivuka pengo hilo kama mtu anavyovuka kizingiti cha chumba chake, bila kuliangalia. Fundi akitaka kujua yanayoendelea, huibadilisha amri hiyo palepale kiini kikiwa mbioni, na pengo linakuwa sikio. Sikio huandika kwamba kazi fulani imeanza, imeitwa na nani, imemalizika lini. Maandishi huangukia kwenye bakuli la kumbukumbu, ambalo fundi huliteka na kulisoma. Akimaliza, huling'oa sikio na pengo hurudi kuwa pengo.

Masikio yalikuwa na sheria alizoziandika Kalunde mwenyewe. Sikio halibadilishi kitu. Sikio halizunguki mahali pamoja bila kikomo. Na bakuli likijaa kabla halijatekwa, sikio hulitupa tukio jipya na kukipisha kiini kiende zake, maana afadhali fundi akose habari kuliko mgonjwa akwame katikati ya sentensi.

Sheria hii ya mwisho ndiyo aliyotaka kuivunja.

"Shikamoo dada," alisema Feruzi, mkuu wa kitengo chao, bila kuinua macho kutoka kwenye kioo chake. Alikuwa kijana mdogo kwa Kalunde kwa umri wote wa mtu kwenda shule na kumaliza. Ndiye aliyemfundisha katika masomo ya jioni, Kalunde alipokuja na miwani yake na daftari la watoto wa shule akakaa dawati la mbele, na hata sasa akiwa mkuu wake wa kazi hakuacha kumwamkia.

"Marahaba. Feruzi, nina ombi, na najua utalikataa."

Alimweleza lote. Feruzi alisikiliza huku akiizungusha bilauri tupu juu ya meza.

"Dada, masikio ni ya kutafuta ubovu wa mashine. Hatujayatengeneza kutafuta ubovu wa watu."

"Si ubovu. Ni radhi."

"Ndiyo mbaya zaidi." Aliiweka bilauri chini. "Haya, tuseme umetega. Mama anaongea, matukio ni mengi kama siafu, bakuli litajaa. Sikio litatupa baadhi. Ukikuta neno lenyewe ndilo limetupwa?"

"Kwa hiyo nitalizuia lisitupe. Bakuli likijaa, kiini kisubiri kidogo mpaka litekwe."

"Kisubiri!" Feruzi alicheka, lakini si kwa furaha. "Wewe uliyenichapa kwa maneno mwaka mzima kuhusu sheria hiyo? Na ule muda wa kukataa je? Kiini kikisubiri, saa haisubiri. Utaula muda wa mama yako."

"Nimepima mezani. Ni punje tu ya sekunde."

"Mezani ulipima na nani?"

"Na kiigizo cha mgonjwa."

"Kiigizo hakina umri wa mama yako, dada."

Kalunde aliyajua yote hayo. Lakini aliona pia uso wa kaka yake pale kwenye tangi, na akilini alijiambia kwamba tukio moja likipotea katika jambo kama hili, litakuwa limepotea hadi siku ya hesabu. Alitamani kutompotezea Mungu hata neno moja. Baadaye, alipofikiri, aliona aibu kubwa katika wazo lile, kana kwamba Mungu alikuwa anahitaji bakuli lake.

Feruzi alishusha pumzi. "Ni mama yako. Siwezi kukufunga mikono. Lakini umwombe ruhusa yeye, siyo mimi. Akikubali, mimi sijui kitu."

*

Baada ya swala ya alasiri Kalunde aliketi mbele ya mama yake na kumweleza polepole. Kwamba Mrisho ana wasiwasi. Kwamba yeye Kalunde anataka kutega masikio ndani ya Msemaji wakati wakizungumza, ili ajulikane nani anasema. Kwamba mama hatasikia maumivu.

"Unaruhusu, mama?"

Bi Mwamvita alimtazama muda mrefu. Mkono wake mzima ulikuwa juu ya goti, vidole vinacheza na pindo la khanga.

"Haya," alisema.

Kalunde alishukuru, akaenda chumbani kusali rakaa mbili na kuomba asikosee. Alikuwa amesujudu aliombapo hivyo, na bado halikumjia swali jepesi kuliko yote, la kwamba ile "haya" nayo imetoka kwa nani. Laiti lingemjia.

Alirudi akaketi pembeni na kioo chake cha mkononi mapajani. Alitega sikio moja kwenye mlango wa kukisia, moja kwenye mlango wa kukataa, moja kwenye mlango wa kutamka. Alibadilisha ile sheria ya bakuli. Akasema bismillahi na kubonyeza. Mama yake hakushtuka wala kupepesa macho, na Kalunde aliona fahari kidogo, fahari ya fundi.

"Anza na mambo madogo," alimnong'oneza Mrisho.

Mrisho alikaa mkekani. "Mama, umekula?"

"Nimekula vizuri sana, nashukuru," alisema Bi Mwamvita, kisha akakunja uso.

"Na chai ya asubuhi?"

"Ilikuwa tamu kabisa."

Mrisho alimtupia dada yake jicho. Wote wawili walimwona asubuhi akiimwaga chai ile dirishani kwa sababu haikutiwa tangawizi. Bi Mwamvita aliupiga mkono gotini. Alifungua kinywa tena. "Asante kwa kunijali," kilisema kinywa, na akaupiga mkono kwa nguvu zaidi.

Kalunde aliona. Angeweza kuyang'oa masikio wakati ule. Alidhani ni uchovu, akadhani ni hasira ya kuulizwaulizwa, na zaidi ya yote swali lenyewe lilikuwa linakuja, na hakutaka lije wakati masikio hayapo.

Mrisho alipiga magoti. Aliushika ule mkono unaopiga. "Mama," alisema, na sauti ikamkatika akaanza upya. "Mama, kwa lile la baba. Sikuja. Sikushuka kaburini, wakashuka watu baki. Nilikosa, mama. Unaniwia radhi?"

Bi Mwamvita aliibana midomo. Kalunde aliona waziwazi: mama yake aliibana midomo kama mtu anayezuia chakula kisitoke. Shingo ilitoa mishipa. Kisha midomo ilifunguka.

"Nimekuwia radhi," ilisema, "mwanangu mpendwa."

Machozi yalimshuka Bi Mwamvita shavuni. Mrisho aliyaona, akaangua kilio, akaweka paji la uso juu ya miguu ya mama yake. "Alhamdulillahi," alikuwa anasema. "Alhamdulillahi, alhamdulillahi."

Kalunde alikitazama kioo.

Mistari ilikuwa inapanda mmoja baada ya mwingine. Neno limekisiwa. Neno limetamkwa. Na chini yake, baada ya kutamkwa: neno limekataliwa. Aliurudisha ukurasa nyuma. Ile chai tamu, imetamkwa, kisha imekataliwa. Ile nashukuru, imetamkwa, kisha imekataliwa. Akashuka hadi mwisho. Radhi, imetamkwa, kisha imekataliwa. Mpendwa, imetamkwa, kisha imekataliwa, imekataliwa, imekataliwa, mfululizo, kama mtu anayeugonga kwa ngumi mlango uliokwisha kufungwa.

Alielewa yote kwa mara moja. Bakuli lilikuwa linajaa, kiini kikasubiri litekwe, na wakati kikisubiri ile hapana ya mama yake ilikuwa imesimama kwenye foleni. Ilipofika zamu yake, muda wa kukataa ulikuwa umekwisha, na kiini kilikuwa kimehesabu kwamba amenyamaza. Hakuna kilichobadilishwa na masikio. Yalisikiliza tu. Na kwa kusikiliza yakamtoa mama yake mdomoni maneno aliyokuwa anayakataa kwa nguvu zake zote.

Aliyang'oa masikio. Alikosea, akarudia. Alipoinua macho, mama yake alikuwa amekwisha kuupeleka mkono nyuma ya sikio. Aliing'oa Msemaji kwa ukucha, kama mtu anayetoa kupe, akaiweka mkekani na kuisukuma mbali.

*

"Masikio yamesema nini?" Mrisho aliuliza. Alikuwa bado amepiga magoti, uso umelowa, lakini ulikuwa na nuru ambayo Kalunde hakuwa ameiona tangu wakiwa watoto. "Ni yeye, sivyo? Umeyaona machozi yake. Ni yeye."

Neno moja lingetosha. Ndiyo, kaka, ni yeye. Kesho angepanda treni, na keshokutwa angekuwa angani amevaa nguo nyeupe, analia kwa furaha. Nani angejua? Kalunde alilihisi neno lile likija lenyewe, laini, limekwisha kumaliziwa, linasubiri tu asilikatae.

"Alikuwa anakataa," alisema.

Nuru haikuzimika mara moja. Ilichukua muda. "Anakataa nini?"

"Neno. Sikio halijui zaidi ya hapo. Labda amekataa kukuwia radhi. Labda amelikataa hilo 'mpendwa' tu, alitaka kukuita jitu. Labda alikuwa na maneno yake kabisa. Kila alipokataa mimi nilimchelewesha, kaka. Ni kosa langu mimi, siyo la mashine. Feruzi aliniambia. Lakini ile ya asubuhi hatukuwa tumetega kitu. Asubuhi alikuwa na muda wake wote wa kukataa na hakukataa. Ile ilikuwa nzuri. Ishike hiyo."

"Asubuhi alinyamaza."

"Ndiyo."

"Kunyamaza kwa mama unakujua wewe? Alimnyamazia baba mwaka mzima, na hakumkubalia hata chumvi."

Kalunde aliiokota Msemaji, akaifuta kwa pindo la khanga yake, akamkaribia mama yake. "Mama, nisamehe. Nimeyatoa yote, wallahi. Rudisha, useme mwenyewe. Sema unachotaka wewe." Bi Mwamvita aliufumba mkono na kuuficha kwapani. Kalunde alijaribu kuipeleka nyuma ya sikio, taratibu, kama anavyovishwa mtoto hereni. Mama yake aligeuza kichwa upande wa pili, na kulikuwa na kitu machoni mwake ambacho Kalunde hakuwahi kukiona kikielekezwa kwake. Ilikuwa hofu. Mama yake alikuwa anamwogopa.

Aliirudisha mikono yake.

Mrisho alijisogeza kwa magoti hadi akawa uso kwa uso na mama yake. Hakuushika mkono wake safari hii. "Mama," alisema. "Hakuna mashine. Mimi na wewe tu. Unaniwia radhi?"

Kinywa cha Bi Mwamvita kilihangaika. Upande mmoja ulivutika, mwingine ukabaki. Pumzi ilitoka bila sauti, ikatoka tena. Watoto wake walisubiri, na hakuna aliyemmalizia.

"Bado," alisema.

Kalunde aliinama sikioni kwa kaka yake. Mrisho hakuwapo siku zile za mwanzo za kiharusi, alihitaji kuambiwa. "Kaka, usilichukue hivyo. Hilo ndilo neno pekee lililombakia kabla ya Msemaji. Ukimuuliza ameshiba, bado. Ana njaa, bado. Mvua ikinyesha, bado. Madaktari walisema ni neno lililokwama tu mdomoni. Halina maana yoyote."

"Najua," alisema Mrisho. "Lakini ni lake."

Aliinuka akaingia chumba cha wageni. Kalunde alimsikia akiongea na kiongozi wa msafara wao, kwa heshima, bila kuinua sauti. "Hapana, sheikh, siumwi. Nafasi yangu mpe mwingine. Niombeeni huko." Kisha ukimya, kisha: "Nimeambiwa bado."

"Kaka, umeisubiri nafasi hiyo nusu ya umri wako!" Kalunde alimfuata mlangoni. "Mimi ndiye niliyekosa. Usiniadhibu kwa kubaki."

"Sikuadhibu, dada." Alikuwa anazitoa nguo begini na kuzipanga kwenye rafu, moja juu ya nyingine, kama mtu aliyefika. "Alisubiri watu warudi makaburini aambiwe nani ameshuka. Na mimi nisubiri."

Jioni ile, kabla ya magharibi, aliweka kiti chake karibu na kiti cha mama yake. Mrisho alikuwa anamenya viazi, vibaya, anakata nyama ya kiazi pamoja na ganda, na Bi Mwamvita alikuwa anamtazama.

Kalunde alisimama kwenye mlango wa jiko. Aliuona uso wa mama yake kwa upande, na pembe ya mdomo, ule upande mzima, ilikuwa imeanza kusogea. Angeweza kuwa anakasirikia viazi. Angeweza kuwa anatabasamu. Hatua moja tu kulia, angeona.

Aligeuka, akalishusha pazia la mlango nyuma yake, akaenda uani kutawadha.